Steam, Epic au GOG: ukiwa Mombasa, gemu ununue wapi?

Steam, Epic na GOG ni maduka ya mtandaoni ya gemu za kompyuta. Chukua gemu moja inayouzwa kwenye yote matatu: The Witcher 3, kazi ya CD Projekt ya Poland. Itafute Steam, itafute Epic, kisha uende GOG. Bei yake ya kawaida ni dola 39.99 kote huko. Kwa dola moja shilingi 130 hivi, hiyo ni kama 5,200. Kwa hivyo ukiwasikia vijana maskani wakibishana duka lipi lina bei nafuu, jua wanagombania kitu ambacho hakipo. Msimu wa punguzo duka moja laweza kulitangulia jingine kwa wiki moja au mbili, lakini mwaka ukiisha hesabu huwa zimekutana.

Tofauti iko kwenye yanayofuata baada ya kulipa. Utaishushaje hiyo gemu kwa bando ulilo nalo? Nani mwingine nyumbani ataicheza? Na siku mtandao umelala, itafunguka? Mimi nayapima maduka kwa maswali hayo, kwa sababu ndiyo yanayomgharimu mtu wa Kisauni au Likoni.

Kwa nini ushindani haujashusha bei

Steam ilifunguliwa na Valve Septemba 2003. Mwaka uliofuata Half-Life 2 ikamlazimisha kila aliyeinunua awe na akaunti ya Steam, hata kama alinunua sidii dukani. Watu walilalamika, kisha wakazoea, na kwa miaka mingi hapakuwa na mpinzani wa maana. Kamisheni ya duka ilikuwa asilimia 30 ya kila mauzo.

Desemba 2018 Epic, wenye Fortnite, wakafungua duka lao wakasema wao watachukua asilimia 12 tu. Siku chache kabla ya hapo Valve walikuwa wametangaza kwamba gemu ikishavuka mauzo ya dola milioni 10, kamisheni inashuka hadi 25, na ikivuka milioni 50 inakuwa 20. Microsoft nao Agosti 2021 wakateremka hadi 12 kwa gemu za kompyuta. Tangu Juni 2025 Epic hawagusi kitu kwenye dola milioni 1 ya kwanza ambayo gemu inaingiza kwa mwaka.

Hiyo tofauti ya asilimia 18 imeingia mfuko wa nani? Wa mchapishaji, yaani kampuni inayoitoa gemu sokoni. Yeye ndiye anayepanga bei, na haoni sababu ya kukupunguzia wewe wakati anaweza kubaki nayo. Kuna na maneno mengine: mwaka 2021 kampuni ndogo ya Wolfire Games iliishtaki Valve Marekani, ikidai kwamba Steam huwabana watengenezaji wasiuze kwa bei ya chini kwingine. Valve wanakana. Mwaka 2024 mahakama iliruhusu kesi hiyo iendelee kwa niaba ya kundi zima la watengenezaji na wachapishaji.

Mnunuzi hakutoka mikono mitupu, lakini. Mwaka 2013 duka la kampuni ya gemu ya EA, wakati huo likiitwa Origin, lilianza kurudisha pesa kwa asiyeridhika na gemu za EA wenyewe. Steam wakafuata mwaka 2015 kwa gemu zote: siku 14 tangu ununue, na uwe hujacheza zaidi ya saa mbili. Epic wana sharti hilohilo. GOG mwaka 2020 wakapita wote: siku 30, hata kama umeshaicheza. Kwa mtu mwenye laptopu ambayo hana hakika kama itaibeba gemu, huo ndio ushindani wenye faida.

Upande mbaya wa vita hivi ni gemu kufungiwa duka moja. Metro Exodus iliondolewa kwenye mauzo ya Steam wiki chache kabla ya kutoka Februari 2019, ikahamia Epic kwa mwaka mzima. Borderlands 3 ikatoka Epic Septemba 2019, wa Steam wakangoja hadi Machi 2020. Kwangu mimi huo si ushindani, ni kumshika mteja mkono na kumburuta.

Kulipa kwa simu

Hapa zamani ndipo wengi walipokwama. Huna kadi ya benki, huna gemu. Tangu Juni 2022 M-Pesa ina GlobalPay, kadi ya Visa isiyo na plastiki: unaifungua ndani ya programu ya M-Pesa, unapata namba ya kadi, tarehe ya kuisha, na zile tarakimu tatu za siri ambazo hudumu muda mfupi tu kisha unaomba nyingine. Maduka yote matatu yanapokea Visa. Hakikisha salio lako limezidi bei kidogo, kwa kuwa kiwango cha kubadilisha dola utakachokatwa si kile ulichokiona kwenye habari za saa moja.

Steam ina mambo mawili ya kujua kabla. La kwanza, akaunti ambayo haijatumia angalau dola 5 huwa imefungwa nusu: huwezi hata kumwongeza rafiki. La pili, ukirudishiwa pesa unachagua zirudi kwenye kadi au zibaki kwenye pochi ya Steam. Kwa aliyelipa kwa GlobalPay nashauri pochi. Zinafika haraka na hutakatwa tena unapobadilisha dola kuwa shilingi na shilingi kuwa dola.

Utakutana pia na mjuaji atakayekwambia utumie VPN, programu ya kuficha uko nchi gani, ujifanye uko Uturuki, gemu huko ni bure tu. Habari hizo zimechacha. Novemba 2023 Steam walihamisha Uturuki na Ajentina kwenye bei za dola, na kudanganya nchi unayoishi kunaweza kukufungia akaunti pamoja na kila kilichomo.

Wauza funguo za bei ya kutupa, yaani namba za siri za kuingizia gemu kwenye akaunti, nao ni hivyohivyo. Mwaka 2020 soko la G2A lilikubali kuwalipa watengenezaji wa Factorio karibu dola 40,000 baada ya kuthibitika kwamba funguo 198 za gemu hiyo zilizouzwa pale zilikuwa za wizi. Na yule anayeuza "akaunti iliyojaa gemu" kwenye magrupu ya mtandaoni atakuuzia leo, kesho abadilishe neno la siri aiuze tena kwa mwingine.

Kushusha: hapa ndipo pesa inapoliwa

Nyaya za baharini zinazoilisha Kenya intaneti, SEACOM na TEAMS tangu 2009 na EASSy tangu 2010, zinatua hapahapa Mombasa. Ungedhani basi sisi tungepakua kabla ya wote. Lakini waya kupita chini ya bahari yako si sawa na faiba kufika mlangoni kwako, na waya ukikatika mbali wote tunalia pamoja, kama ilivyokuwa Mei 2024 SEACOM na EASSy zilipokatika kusini mwa pwani ya Afrika Mashariki.

Fanya hesabu. The Witcher 3 inataka nafasi ya GB 50. Kwa mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde usiotetereka, hiyo ni saa 11. Red Dead Redemption 2 inataka GB 150: siku nzima na usiku wake, na bado. Kwa bando la simu usijaribu.

Kwa kazi hii Steam ndiyo iliyokomaa. Unaipangia saa za kupakua, tuseme saa sita usiku hadi alfajiri, unaiwekea kikomo cha kasi ili wengine nyumbani wasikulaani, na stima ikipotea inaendelea ilipoachia. Lakini kilichonifanya niipe alama ya juu ni kitu walichoongeza Februari 2023, ambacho sijui kwa nini watu hawakizungumzii: mashine moja inaweza kuivuta gemu kutoka mashine nyingine iliyo kwenye ruta hiyohiyo, bila kuipakua upya kutoka nje.

Ona inavyokuwa. Mmoja wenu kule Tudor ana faiba, kaishusha gemu usiku kucha. Mwenzake anayemiliki gemu hiyohiyo anakuja na laptopu chini ya kwapa, anaunganisha kwenye ruta, anafungua Steam. Kwenye mipangilio ya kupakua, yule mwenye gemu abadilishe ruhusa kutoka "mimi pekee" iwe "marafiki", maana bila hivyo hakitatokea kitu. Mwenzake anabonyeza kupakua kama kawaida, na Steam yenyewe inagundua kwamba mafaili yako chumba hichohicho. Kwa waya wa megabiti 100, zile saa 11 zinakuwa kama saa moja na dakika chache. Kahawa na kashata zinatosha kuisubiri.

GOG inalifikia jambo hilo kwa njia nyingine kabisa. Kila gemu ina faili zake za kusakinisha, unazipakua kwa kivinjari cha kawaida, na kubwa hukatwa vipande vya GB 4 hivi. Ukishavihifadhi kwenye diski ya nje, basi. Unasakinisha leo, unafuta, unasakinisha tena mwaka kesho, na mtandao hauulizwi. Asiye na intaneti nyumbani anaweza kwenda kwa binamu mwenye Wi-Fi nzuri, avute vipande viwili leo na viwili Jumamosi. Kipande kikikwama unarudia hichohicho tu.

Epic hapa ni wa mwisho. Programu yao inapakua, inaendelea baada ya kukatika, wala si mbovu. Ila haina kitu kama ile ya ruta moja, na ina historia ya kuchelewa kwenye mambo madogo. Kikapu cha kununulia gemu zaidi ya moja kwa mpigo walikileta Desemba 2021, miaka mitatu baada ya kufungua. Duka bila kikapu!

Kompyuta moja, watoto wanne

Steam ilileta mpango wa familia mwaka 2024: watu sita wa nyumba moja wanaunganisha maktaba zao, yaani gemu zilizo kwenye akaunti zao, na kila mmoja anahifadhi maendeleo yake. Mkubwa akicheza gemu moja, mdogo anacheza nyingine ya maktaba hiyohiyo kwenye mashine yake. Nakala moja hailiwi na wawili kwa wakati mmoja, hapo itabidi mnunue mbili. Na si kila gemu inakubali kushirikishwa.

Angalia unamwingiza nani. Aliyetoka kwenye familia nafasi yake hukaa wazi mwaka mzima kabla ya kujazwa. Halafu mtu wa familia akiiba kwenye mechi kwa programu za udanganyifu akitumia nakala yako, nawe unafungiwa gemu hiyo. Kila ukoo una yule binamu, na unamjua.

GOG haihesabu mashine zako. Epic haina mpango wa kulinganishwa na huu wa Steam.

Nani mwenye mali

Mwenyeji wa Majengo hahitaji kuelezwa maana ya nyumba bila kiwanja: umejenga, umepiga rangi, watoto wamezaliwa humo, lakini ardhi ina mwenyewe na kila mwezi unampelekea chake. Steam na Epic ndivyo walivyo. Tangu Oktoba 2024 Steam wenyewe wanaliandika wazi pale unapolipa, kwamba unanunua leseni, baada ya California kupitisha sheria inayodai maduka yaseme ukweli huo. Akaunti haiuzwi wala hairithiwi, kwa hivyo hata Kadhi hatakuwa na la kugawa.

Si hofu ya bure. Kampuni ya Ubisoft walizima seva, yaani kompyuta zao za mtandaoni, za gemu ya The Crew Machi 31, 2024, na kwa kuwa gemu ile haikufunguka bila seva, walioilipia wakabaki na jina tu kwenye maktaba. GOG inauza bila kufuli, yaani gemu haiombi ruhusa mtandaoni ndipo ifunguke. Duka lenyewe likifungwa kesho, faili zilizo kwenye diski yako zitaendelea kufanya kazi.

Tofauti hiyo inaonekana zaidi kwenye laptopu za mitumba, zile za ex-UK. Steam iliacha kuhudumia Windows 7 na 8 Januari 1, 2024. Mashine kuukuu yenye Windows 7 bado inaweza kusakinisha gemu nyingi za zamani kutoka GOG, maana kufufua gemu za zamani ndiyo kazi iliyowaanzisha mwaka 2008. Heroes of Might and Magic III haitaki kadi ya picha wala feni ya kupiga kelele.

Kasoro ya GOG ni uchache. Gemu nyingi mpya za wachapishaji wakubwa hazifiki pale, au hufika zimeshapoa, kwa sababu wenye gemu wanaogopa kuuza bila kufuli. Anayetaka kucheza kandanda na wenzake mtandaoni asijisumbue kwenda huko.

Epic na za bure

Kila Alhamisi Epic wanatoa gemu bila malipo. Kwa saa zetu ni saa kumi na mbili jioni, na Marekani wakibadilisha saa zao wakati wa baridi inakuwa saa moja usiku. Huhitaji kadi, unafungua akaunti na kubonyeza, inabaki kwenye maktaba yako hata usipoipakua. Mei 2020 walitoa GTA V na duka likazidiwa na watu hadi likaanguka. Nyaraka za kesi yao na Apple zilionyesha kwamba miezi tisa ya mwanzo ya gemu hizo iliwagharimu dola milioni 11.6. Hawatoi sadaka, wananunua wateja. Wewe chukua.

Ukikosa muda wa kukaa kwenye kompyuta, ingia kwa kivinjari cha simu, chukua gemu ya wiki, funga. Nina watu ninaowajua wana maktaba nene Epic na hawajawahi kulipa hata senti. Hiyo ndiyo njia nzuri ya kulitumia duka hilo: chukua cha bure, pesa yako ipeleke kwingine.

Wengine kwa kifupi

EA na Ubisoft wana programu zao, lakini walishasalimu amri: EA walirudi kuuza Steam mwaka 2019, Ubisoft mwishoni mwa 2022. Ukinunua gemu ya Ubisoft kupitia Steam bado itakufungulia programu yao ya pili na kukuomba neno la siri jingine. Inaudhi, hasa mtandao ukiwa wa kubahatisha.

Ukitaka gemu inayozungumza lugha yetu, Tales of Kenzera: ZAU ya Aprili 2024 ina sauti za Kiswahili, na inauzwa Steam na Epic pia. Sikiliza kidogo ndani ya zile saa mbili za kurudishiwa pesa, kisha uamue.

Kisha kuna itch.io, iliyoanza 2013. Pale mtengenezaji mwenyewe ndiye anayeamua kulipa duka kamisheni gani, na gemu nyingi ni za bure au unalipa unachoweza. Zina uzito wa picha chache za simu. Kwa mwanafunzi anayetaka kujifunza kutengeneza gemu na kuiona ikichezwa na watu, aanzie hapo. Steam humdai dola 100 kwa kila gemu anayotaka kuiweka dukani, itch.io haimdai kitu.

Na wale wa kutiliwa gemu kwenye flashi pale mjini kwa pesa kidogo? Wako, na najua kwa nini wako. Ila ukiona programu ya kulinda virusi inaombwa izimwe kabla ya kusakinisha, jua umeingiza mgeni asiyebisha hodi kwenye mashine ambayo pengine ndiyo unayofungulia barua pepe na benki.

Ningekuwa na 3,000 mkononi

Ningengoja punguzo la Steam la mwisho wa Juni au la Desemba. Stardew Valley, bei ya kawaida dola 14.99, imewahi kushuka hadi 8.99: kama 1,170. Ningeinunua Steam. Inataka MB 500 tu, inakubali laptopu ya ofisi, na dola hizo zinaifungua akaunti ile iliyofungwa nusu. Kama mashine ina kadi ya picha, The Witcher 3 toleo kamili likishuka hadi karibu dola 10 ningelichukua GOG, si Steam, kwa sababu ni gemu ya mtu mmoja na haihitaji marafiki wala seva: kama 1,300, na vipande vyake vinakwenda moja kwa moja kwenye diski ya nje. Zinabaki 530. Hizo ni za bando la kuvishushia, na Alhamisi ikifika saa kumi na mbili jioni ningepita Epic kuona wiki hii wametoa nini.